Picha ya Atai Haishuki Ukutani

Syprose, mzaliwa wa Busia aliyeolewa katika kijiji cha Kwapa, huchora mabango ya maduka mjini Tororo, Uganda, lakini jina lake limejengwa na wafu. Mtu akifariki, jamaa humletea picha ndogo ya kitambulisho, naye huikuza kwa rangi ili isimame kando ya jeneza. Hujaza mashavu yaliyokonda, huwarudishia meno walio vibogoyo, na hakuna anayelalamika. Sisi ni watu wa ajabu: tunamtazama binadamu kwa makini siku tunayomfukia.

Mwaka huu aliamua kumchora aliye hai. Alinunua rangi za mafuta Busia, upande wa Kenya, akamkalisha binti yake Atai kwenye kigoda karibu na dirisha. Atai ana kifafa. Alipokuwa mdogo alianguka motoni, akabaki na kovu linaloshuka kutoka shavuni hadi shingoni. Tangu hapo, kila mgeni alipobisha hodi, watu wa boma walimsukumia jikoni. Syprose alilichora kovu hilo lote, mkunjo kwa mkunjo, kwa uangalifu uleule alioyachorea macho.

Rangi za mafuta hazina haraka ya kukauka, na kibanda chake cha mjini hujaa vumbi la malori. Basi akaileta picha nyumbani, akaiegemeza barazani. Hilo lilitosha kuzua msiba. Jirani yake Loy alipoiona kutoka njiani, alijitwika kuni za matanga, akaingia uani akilia kwa sauti. Aliyempokea ni Atai.

"Mama Loy, nani amekufa?"

Loy akaduwaa. "Wewe."

"Mimi? Nimetoka kuosha vyombo."

"Basi kuni zangu nazirudisha," Loy akasema, akijifuta machozi kwa leso. "Mama yako ana mambo. Anakuanika barazani kama marehemu."

Walicheka wote. Hakucheka Ikwap, kaka mkubwa wa mume wa Syprose, ambaye ndiye msemaji wa boma wakati mdogo wake yuko Juba akijenga nyumba za watu. Jumamosi ile wageni wangetoka Sop Sop kuja kuliona boma ambamo binti yao angeolewa na Vincent, mwana wa Ikwap. Wangeketi kwa Syprose, kwa kuwa sebule yake ndiyo kubwa.

"Shemeji, hiyo picha iondoe," Ikwap alimwambia. "Na mtoto akae jikoni mpaka wageni waondoke. Wakijua tuna ugonjwa huo, Vincent haoi."

"Picha inaingia sebuleni."

"Basi angalau mfutie hilo kovu. Baba yetu ulimchorea meno ambayo hakuwa nayo tangu ujana."

"Baba hakuwa na siku ya kuitazama picha yake. Huyu ataitazama kila asubuhi. Nikilifuta, nitakuwa nimemwambia nini?"

"Utatuharibia harusi."

"Kama harusi inaharibiwa na uso wa mwanangu, tafuteni sebule nyingine."

Nalisema wazi kwa sababu makanisani tunalinong'ona: kifafa hakiambukizi, dawa zipo, na mtoto hafichwi ili harusi ya mtu ipite.

Sebule nyingine haikupatikana. Jumamosi wageni waliketi chini ya picha, na Atai akaingia na jagi na beseni kuwanawisha mikono. Shangazi wa bibi harusi aliinua macho ukutani, akayashusha kwa msichana.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," Syprose akajibu. "Nimemzaa na nimemchora. Ana kifafa, anameza dawa. Anayeyaogopa maji yake, kisima kiko nyuma ya nyumba."

Ikwap aliinamia viatu vyake. Shangazi akanyoosha mikono, akanawa, akauliza rangi kama zile hupatikana wapi. Mzee aliyeketi kando yake aliifungia mikono yake kwapani. Atai akasimama mbele yake, jagi limeinama kidogo. Ikwap akakohoa ili msichana ampite, aende kwa mwingine.

"Atai, usimruke mgeni," mama yake akasema.

Mzee akatoa mkono mmoja. Atai aliendelea kungoja, mpaka ukatoka wa pili, ndipo akamimina.