Nyoka Katika Sufuria ya Muthokoi

Kwetu Tawa, mtu wa umri wa mama yangu hali samaki. Tulipokuwa wadogo Mwaitu, ndivyo Wakamba tunavyomwita mama, alituambia kwamba kitu kinachoishi majini bila miguu ni nyoka tu, hata kikipewa jina lingine. Vijana wa siku hizi wanakula samaki wa kukaanga sokoni bila wasiwasi, lakini Mwaitu hajabadilika. Kwa hiyo nilipompigia simu kumwambia kwamba nimepata kazi Watamu, kwenye boti ya kukodisha inayopeleka wageni kuvua karibu na ufuo, aliniuliza kama nimekosa kabisa kazi ya watu.

Kazi yenyewe niliipenda tangu wiki ya kwanza, na anayetaka kununa na anune. Nilikata chambo, nikafunga ndoana, nikaosha damu sakafuni, nikawashika mgongo wageni wa Nairobi walipokuwa wakitapika. Hatukwenda mbali. Tulivulia pembezoni mwa miamba, karibu na nchi kavu kiasi kwamba ungeweza kutambua rangi ya leso ya mwanamke anayeuza madafu. Mwezi wa nne, kabla mvua kubwa haijachafua bahari, maji hutulia na kolekole hufuata dagaa hadi pale. Kolekole ni samaki mwenye kichwa kigumu na roho ngumu zaidi, na labda ndiyo sababu tulielewana.

Nahodha wangu alikuwa mtu wa pwani, muungwana, lakini ulimi wake haukuwa na breki. "Mkamba na bahari, wapi na wapi?" alikuwa akiwauliza wageni, nao wakicheka. Mimi nilicheka nao siku za mwanzo, kisha nikaacha. Sijui ni nani aliyeigawa nchi hii akasema wewe utakuwa wa maji na wewe wa mchanga.

Pasaka ilipokaribia nikamwambia Mwaitu kwamba nitakuja nyumbani na samaki niliyemvua mwenyewe.

"Njoo wewe," akasema. "Nzoka iache huko. Sufuria zangu hazipiki nyoka."

Nikamjibu kwamba nitakuja na sufuria yangu. Akakata simu. Nilibaki na hasira, na chini ya hasira nilikuwa naumia. Sikutaka ale. Nilitaka kazi yangu iingie kwake bila kujificha, maana nilikuwa nimechoka kunawa mikono kwa ndimu kuondoa harufu ya samaki kila nilipokwenda kumsalimia.

Msimu ukifungwa, kabla boti haijapandishwa nchi kavu kungoja mvua ipite, nahodha hutoa siku moja ya sisi wafanyakazi kujivulia wenyewe. Mwaka huo tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Jua lilikuwa limeshakuwa kali na hatukuwa na kitu, naye akaanza habari za kurudi.

"Mimi sirudi mikono mitupu," nikamwambia. "Ukitaka kurudi, ogelea."

Alicheka, akaipitisha boti mara moja zaidi kandokando ya miamba, na ndipo ufito wangu ukapinda.

Ufito wa kuvulia una kigurudumu cha kukunjia mshipi, nasi tunakiita rili. Nilikuwa nimewafundisha wageni wengi kukitumia: inua ufito, ushushe, zungusha. Lakini yule samaki alipovuta, kichwa changu kilisahau mafunzo yote na mikono ikakumbuka kitu kingine. Niliuangusha ufito, nikaushika mshipi, nikaikanyaga sehemu iliyolegea na kuanza kuvuta, mkono huu ukiachia ule unashika, kama tulivyovuta ndoo kutoka visima vya mchanga katika mto uliokauka.

"Zungusha rili," nahodha akapaza sauti. "Wewe Mkamba, bahari si kisima."

"Kwetu ni kisima," nikamjibu, nikazidi kuvuta.

Mshipi ulipoanza kuteleza nikauzungusha viganjani ili ushike. Hilo mtu wa boti hafanyi, na mtu wa kisimani pia hafanyi. Kolekole akapiga mbio kuelekea miambani, mshipi ukanikata viganja vyote viwili. Nahodha akaja na kisu aukate. Nikamwambia akiukata ajue amekata na urafiki. Akakirudisha kisu kiunoni. Nikafungua leso yangu, nikaivingirisha mikononi, nikavuta tena, nikilia kwa uchungu na kutukana kwa Kikamba, mpaka ubavu mweupe ukaonekana kando ya boti na nahodha akamnasa kwa ile ndoana kubwa ya mpini. Alikuwa mkubwa, ana paji la uso kama la mzee mbishi. Nahodha alimtazama, akaitazama mikono yangu, akasema, "Haya, mtu wa kisima." Sijamsikia tena akiuliza wapi na wapi.

Nilimpakia samaki wangu kwenye sanduku la barafu, sufuria yangu nikaifunga juu ya kifuniko, nikapanda basi. Kondakta alipouliza ndani mna nini nilimwambia nyoka, naye hakuuliza tena.

Nilifika nyumbani asubuhi. Mwaitu alikuwa uani akipepeta ndengu. Aliniona, akaliona sanduku, akaendelea kupepeta. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua uso. Liwalo na liwe, nikajiambia. Nilipanga mafiga matatu palepale uani, mahali ambapo kila anayekwenda kanisani lazima apite, nikawasha moto, nikamtoa kolekole na kuanza kumpara magamba mbele ya Mungu na majirani.

Jirani hakukawia. Ni mama wa ushirika wa wanawake, mtu wa kuwaombea wengine kwa sauti ya juu. Alisimama penye lango.

"Bwana asifiwe," akamwambia Mwaitu. "Mama, si wanawake wataongea? Watasema hapa kwenu kunapikwa nyoka. Na unajua vile wanasema, mwacha mila ni mtumwa."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu. Mwaitu akainuka kabla yangu, lakini hakwenda langoni. Alikuwa ameiona mikono yangu. Aliweka ungo chini, akaja, akanifungua viganja vilivyokuwa bado vibichi. Vyake mwenyewe vina alama hizohizo, za miaka ya kuteka maji mtoni.

"Umezungusha kamba mkononi," akasema kwa hasira. "Nilikufundisha nini? Kamba hukanyagwa, haizungushwi mkononi."

"Niliikanyaga, Mwaitu. Iliteleza."

"Na hukuachilia."

"Sikuachilia."

Ndipo akamgeukia jirani. "Waambie ni nyoka," akasema. "Na uwaambie ni mwanangu aliyeivuta."

Jirani akaenda zake. Mwaitu akaitazama sufuria yangu pale juu ya mafiga. Kichwa cha kolekole kilikuwa kimekataa kuingia.

"Sufuria gani hii," akasema, "kama ya mtu asiye na kwao?"

Akaingia jikoni, akatoka na ile sufuria kubwa anayopikia wageni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Akaiweka motoni mwenyewe, kisha akarudi kwenye ndengu zake na kunipa mgongo. Hakuonja, na mpaka leo hajaonja.

Baadaye zamu yetu ikafika ya kupokea ushirika wa wanawake, nami nilikuwa nimerudi nyumbani. Mwaitu alipika muthokoi katika sufuria ileile, ingawa nyingine zilikuwepo. Maombi yalipokwisha na akina mama wamepanga foleni, kila mtu na sahani yake, alisimama mbele yao na mwiko mkononi.

"Sufuria hii imepika nyoka ya mwanangu," akawaambia. "Asiyetaka, arudishe sahani sasa."

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa jirani yetu. Aliitazama sufuria, akamtazama Mwaitu, akageuka kuwatazama wenzake waliokuwa wakimsubiri, kisha akanyoosha sahani.