Nyumba Niliyoitaja kwa Wakaguzi

Mkaguzi aliponiambia nitaje nyumba moja niliyoifanyia waya kwa mikono yangu ili waje kuiona, nilijibu kabla sijafikiri. Nilitaja nyumba ya mama mmoja mjane iliyoko njia ya Matombo, pale barabara inapoanza kupanda na migomba kuikaribia pande zote mbili. Niliitaja kwa sababu niliipenda. Kila swichi ilikaa sawa ukutani, na boksi la sakiti breka nililifunga mwenyewe tangu skrubu ya kwanza hadi ya mwisho.

"Vizuri," akasema. "Tutakuja keshokutwa asubuhi."

Nilipotoka nje ya ofisi ile ndipo nilipoanza kujiuliza kama nyumba ile bado iko kama nilivyoiacha.

Wasioijua kazi hii niwaeleze kidogo. Mtu yeyote anaweza kushika plaizi akaitwa fundi umeme, na mji wetu wa Morogoro haukosi mafundi wa namna hiyo. Lakini ili nyumba iungwe kwenye nguzo, mtu mwenye leseni lazima athibitishe kwa saini yake kwamba waya zilizomo ni salama. Leseni hiyo, hata ile ya daraja la chini la nyumba za kawaida, haitolewi kwa maneno. Unatakiwa uwe na cheti cha chuo cha ufundi, uwe umefanya kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni, uwe na vifaa vya kupimia, kisha ukae mbele ya watu wanaokuuliza maswali huku wakikutazama usoni.

Miaka yote hiyo saini ilikuwa ya bosi wangu, mzee wa Mazimbu aliyenipokea nilipotoka chuoni, wakati mafundi wengine wakiniuliza, msichana mimi, kama nimekuja kupika chai. Nyumba nilifanya mimi, lakini kama lingetokea jambo, angeulizwa yeye. Nililala vizuri kwa sababu yake, ingawa sikulijua hilo wakati ule. Kisha macho yake yakaanza kufifia. Siku moja alishika waya wa bluu na wa kijani, akazigeuzageuza juani, akazirudisha chini taratibu.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi sisaini tena kitu nisichokiona. Katafute leseni yako."

Ndiyo maana nilikuwa mbele ya wale wakaguzi.

Kesho yake niliamua kwenda kuitazama nyumba kabla yao. Sikuwa nimesikia lolote baya. Ilikuwa hofu tu, ya mtu anayerudi mara mbili kuhakikisha kama amefunga mlango. Nikapanda bodaboda, nikapita Bigwa, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa kiangazi, vumbi lilinijaa hadi kwenye kope.

Nilimkuta mama kibarazani. Tangu nilipomaliza kazi yangu alikuwa amenunua friza kubwa lililotumika na kuanza kuuza barafu za ubuyu na ukwaju. Watoto wa shule walikuwa wamelizunguka, wengine pekupeku, wamekanyaga sakafu iliyoloa maji ya barafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi! Umetutupa kabisa. Karibu, kaa."

Nikamwuliza kama umeme haumsumbui.

"Sasa hivi safi," akasema. "Nilipoleta hili friza ulikuwa unakatika kila mara, hadi barafu zinayeyuka. Nikamwita kijana mmoja anayetengeneza redio hapo sokoni. Akaenda nyuma ya nyumba, akakachomoa kale kawaya kako ka kijani kanakoingia ardhini. Tangu siku hiyo haujakatika tena!"

Alisema hivyo huku akitabasamu, kama anayenipa habari njema.

Waya ule wa kijani ndio tunaouita ethi. Kama chombo kina hitilafu na umeme unavuja, ethi huubeba hadi ardhini, na swichi kubwa hujikata yenyewe. Kukatika kulikomsumbua mama ndiko kulikokuwa kukimlinda. Ukiuchomoa waya huo, umeme unaovuja hubaki kwenye bati la friza ukimsubiri mtu wa kumpitia.

Nikalitazama friza. "Na mkiligusa, haliwachomi?"

"Aa, linatekenya tu kidogo ukiwa na maji mikononi. Tumezoea. Hawa watoto ndio wanashindana nani atalishika muda mrefu."

Kabla hajamaliza, binti mmoja mwenye sare ya shule aliyafuta machozi ya kicheko kwa mgongo wa mkono, akaunyoosha mkono ule ule kuelekea kwenye friza. Wenzake walikuwa wakimhesabia.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua tu kwamba watoto wote walinyamaza, na yule binti alirudi nyuma akawakanyaga wenzake. Nilikimbilia ndani, nikaikosa swichi kubwa mara ya kwanza, kisha nikaishusha. Redio ya mama ikazimika. Nikabaki nimeegemea ukuta.

Nilikuwa nimewahi kuogopa umeme. Fundi asiyeuogopa simwamini. Lakini hofu ya siku ile ilikuwa ngeni kwangu, maana niliogopa kitu ambacho huenda kingekuwa kimekwisha kutokea wiki iliyopita, au jana, mimi nikiwa mjini nanunua nyanya.

Mama aliingia. "Kwani kuna nini? Umewatisha watoto wa watu!"

Nilimweleza. Hakuniamini. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikautafuta waya, nikausafisha na kuufunga tena kwenye fimbo yake ya ardhini. Nikarudi nikawasha swichi kubwa, na papo hapo ikajikata. Nikachomoa plagi ya friza, nikawasha tena. Ikakaa.

"Umeona, mama? Ugonjwa uko kwenye friza. Lisitumike mpaka litengenezwe."

"Nilichoona ni kwamba kabla hujaja lilikuwa linafanya kazi." Alianza kuzitoa barafu na kuzigawa kwa watoto bure, moja moja, bila kunitazama. "Umenifungia biashara, fundi. Na hao wakubwa wako wakija kesho, nitawaambia ulivyonitenda."

Njia nzima ya kurudi mjini nilishikilia chuma cha nyuma ya pikipiki hadi vidole vikafa ganzi. Nilifikiria kuwapigia simu wakaguzi niwaambie ninaumwa. Nilifikiria kuwatajia nyumba nyingine. Kisha wazo jingine likaja: ningewaambia wasije, lakini mama angebaki na plagi yake na hasira yake, na hapakuwa na mtu wa kumzuia asiichomeke. Jioni nilimpigia simu mara kadhaa. Hakupokea. Chakula sikukigusa.

Asubuhi niliwahi kufika kuliko wao. Kitu cha kwanza nilichotazama ni plagi. Ilikuwa chini, na mama alikuwa ameiviringishia mfuko wa plastiki. Aliitikia salamu yangu kwa sauti ndogo, akaendelea kufagia.

Wakaguzi walikuwa wawili, mzee mmoja aliyekuwa na mafua na mwanamke wa umri wangu. Walifungua boksi, wakapima waya chumba kwa chumba. Kisha wakaenda nyuma, wakaunganisha kipimo chao kwenye fimbo ya ethi. Mzee alitazama kipimo, akapiga chafya, akatazama tena. Halafu akainama.

"Hii nati imefunguliwa karibuni," akasema. "Nani amefungua?"

Ningeweza kusema nilikuja kukaza tu. Lakini alikuwa bado ameishika ile nati.

"Mimi, jana. Nilikuta ethi imechomolewa."

"Imechomolewa na nani?"

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na fagio lake, na nilijua kwamba sasa atasema alichoahidi kusema.

"Nilimwita mtu mimi," mama akasema. "Huyu hayumo. Yeye jana alikuja hapa akapiga ukelele kama ameona chatu." Akaliegemeza fagio ukutani. "Yule mtoto aliyekuwa anataka kulishika ni mjukuu wangu. Jana usingizi haukunijia."

Yule mwanamke ndiye aliyeniuliza, kwa upole, "Kama jana ungekuwa tayari na leseni, ungefanya tofauti?"

"Hapana," nikajibu. "Ningeogopa zaidi."

Aliliandika jibu langu.

Siku ile sikupita. Mzee alinieleza kwamba waya zangu hazina kosa, ila ardhi ya pale ni mawe na wakati wa kiangazi ethi haishiki vya kutosha. Alinitaka niongeze fimbo nyingine mahali penye unyevu, tuipime tena. Nilichimba karibu na migomba, pale maji ya bafuni yanapomwagika, mama akiniondolea mawe kwa mikono. Mchana alinipikia. Safari ya pili kipimo kilishuka hadi kiwango kinachotakiwa, na baada ya kusubiri kwingi leseni ikatoka. Friza nalo lilipelekwa kwa fundi wa majokofu mjini, likarudi zima, na barafu zinauzwa hadi leo.

Watu walinipongeza. Bosi wangu wa zamani aliishika ile karatasi karibu kabisa na pua, akasema sasa atapumzika.

Kazi ya kwanza kusaini kwa jina langu ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu huko Kingolwira. Nilipima kila soketi, nikapima tena. Mwenye nyumba, kijana aliyeoa karibuni, alikuwa akitazama saa yake.

"Dada, kwani kuna tatizo?"

"Hakuna."

"Mbona husaini?"

Nilikuwa nawaza watakaoishi mle baada ya mimi kuondoka, na wote watakaoingia na plaizi zao nisipokuwepo. Nikamwomba amwite mkewe, nikawaonyesha wote wawili swichi kubwa, nikawaambia ikijikata wasiilazimishe, wanipigie mimi. Wakaitikia kwa haraka, kama watu wanavyoitikia wanapotaka mgeni aende. Nikasaini. Jina langu likaonekana kama limeandikwa na mtu aliye juu ya pikipiki.