Shuka Lenye Jina la Khamis

Kila nikipita uwanja wa Trafalgar, mwanangu, hunirudia Jumapili moja ambayo mpaka leo naionea haya.

Nilikuwa kijana, mwaka wangu wa pili London, nimepanga chumba mtaa wa Edmonton. Kuandika mabango nilijifunza peke yangu kwa kunakili vibao vya maduka, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu, niliogopa kila jicho. Bi Zuhura, jirani yetu wa zamani Unguja, akaniletea shuka jeupe. Kaka yake Khamis alikamatwa baada ya Mapinduzi, na hakuna aliyewaambia jamaa zake yuko jela gani. Jumapili ile watu wenye ndugu vifungoni wangekusanyika saa sita mchana chini ya ile nguzo ndefu ya Trafalgar, na wapigapicha wa magazeti wangekuja.

"Andika jina lake tu," aliniambia. "Lisomeke kwa mbali."

Herufi sita, mwanangu. Niliandika, nikaona M imenenepa. Nikageuza shuka, nikaandika upya, K ikainama. Nikapaka nyeupe juu yake, nikaanza tena. Saa sita ilinikuta nimepiga magoti na rula mkononi.

Nilifika saa kumi. Mkutano ulikuwa umekwisha, wamebaki watalii na njiwa. Bi Zuhura alikuwa amekaa peke yake chini ya mmoja wa wale simba wa shaba wanaoizunguka nguzo.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umekuja kuwasomea njiwa?"

Nikamweleza habari za M. Akanisikiliza mpaka mwisho, na hilo liliniumiza zaidi.

"Wenzangu walinyanyua makaratasi ya maboksi, yameandikwa kwa mkaa," akasema. "Wamepigwa picha. Mimi nimesimama mikono mitupu, kama sina mtu."

Akalishika shuka, rangi bado mbichi, nami nikashika ncha ya pili. Tukasimama. Wengi walipita. Mzee mmoja wa Kiingereza akauliza Khamis ni nani. Bi Zuhura alipomsimulia, yule mzee alilitamka jina mara mbili, asije akalikosea.

Khamis hakurudi. Labda picha isingesaidia kitu. Sijui, na kutojua huko ndiko kunakonisumbua.

Shuka ninalo kabatini. Kiganja cha Bi Zuhura kiliichafua S. Sijaigusa.

Sasa nasikia Jumamosi unatakiwa uwasemee pale uwanjani wenzako unaotunza nao wagonjwa, nawe umenijibu kwa Kiingereza kwamba hotuba bado haijakamilika. Mwanangu, pale hakuna anayemwendea yule askari wa jiwe aliye juu ya nguzo. Watu huwatazama waliosimama chini yake. Nenda na karatasi yako hivyo hivyo, na maneno yake yaliyokatwakatwa. Mtu akikutegemea, fika kwa saa yake, hata kama kazi yako ina kasoro. Mimi mwenyewe barua hii nimeichana mara mbili, kisha nikajikumbusha kwamba leo ni Alhamisi.

Mungu akufungulie kinywa, awalainishe nyoyo wanaokusikiliza, na akuepushe na haya kama yangu.