Jelimo na Mbegu ya Kompyuta

Jelimo alikuwa akitengeneza kompyuta ambazo hazipo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo mwenyewe alivyotueleza siku ya kwanza, na sisi wajumbe wa ushirika tukaitikia kwa vichwa kama watu walioelewa. Katika ofisi yetu ya Kitale, nyuma ya stoo ya mbolea, kuna seva, sanduku jeusi linalonguruma mchana kutwa. Ndani ya sanduku hilo zinaishi kompyuta za matawi yote: Kitale, Kiminini na Kachibora, ninakotoka mimi. Jelimo anaandika kwenye faili kila kitu ambacho kompyuta inatakiwa kuwa nacho, anabonyeza, na kutoka kwa maandishi hayo unajengwa mfumo mzima, tayari kuwaka. Akibadilisha kitu anapata toleo jipya, na la zamani linabaki. Toleo la leo likiharibika, anarudi kwa la jana na kazi inaendelea.

Kazi safi. Shida ni kwamba alikuja kuifanyia kwa watu wa mahindi ya mbegu.

Mwenyekiti wetu, Mzee Kibe, amelima mahindi ya mbegu tangu ujana wake, na haamini kitu kingine duniani ila Mungu, na hata Mungu ni kwa ajili ya mvua. Siku moja alimuuliza Jelimo ile kompyuta ya Kiminini aliitoa wapi.

"Nilinakili ya Kitale, Mzee."

Hapa Trans-Nzoia hata mtoto anajua kwamba ukipanda tena mahindi uliyovuna kwa mbegu ya duka, mwaka wa pili unapata mahindi ya ukubwa wa kidole gumba. Kibe akaamuru kila kompyuta ijengwe upya kutoka kwa faili yenyewe, marufuku kunakili nakala. Jelimo alikubali bila ubishi, akasema hata wenye kompyuta wanaona hivyo ni bora. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu alitutia moyo.

Kiptanui, makamu wa mwenyekiti, akataka kujua umbali kati ya kompyuta moja na nyingine, zisije zikachavushana kama mashamba ya mbegu yaliyokaribiana. Jelimo akasema zote ziko kwa sanduku moja. Kiptanui alitoka nje kupunga hewa. Akarudi na pendekezo, na nasikitika kusema nililiunga mkono: tukanunua seva ya pili, tukaiweka mwisho wa kiwanja, upande ambao upepo hautokei. Kiptanui mwenyewe alipima kwa tepu ya fundi, amechuchumaa kwenye matope na suti ya kikao.

Haya yote Jelimo aliyavumilia akicheka. Kilichomtoa machozi ni kitu kingine. Mume wake, Job, anafanya kazi Bumula, huko Bungoma, na tangu waoane wamekuwa wakionana Jumapili tu, tena si kila Jumapili. Sasa Jelimo alikuwa amepata kazi huko huko, lakini mkataba wetu ulikuwa bado unamfunga. Akaomba tumwachilie. Kibe akakataa.

"Wewe ndio mzazi wa hii mbegu," alimwambia. "Mtu hawezi ng'oa mzazi kwa shamba alafu angoje mavuno. Atavuna nini, upepo?"

"Mzee, si yote iko kwa faili? Mtu yeyote anaweza jenga. Hata wewe."

"Ati hata mimi."

"Hata wewe."

Hasira ilinipanda, maana kikao kilikuwa kimekula mchana wote na njaa ilikuwa inaniuma. Nikasema si Mzee ajaribu basi: akishindwa, Jelimo abaki, akiweza, msichana aende kwa bwana yake. Wakakubali.

Kibe alivua kofia, akanawa mikono. Akaketi kwenye kiti cha Jelimo na kubonyeza mahali alipoonyeshwa. Maandishi yakaanza kumiminika kwenye skrini. Kiptanui akatukataza kusogea karibu, ati inachipuka. Mwishowe kompyuta ikawaka, ikaandika Kitale, ikaomba nenosiri. Jelimo akailinganisha na ile aliyoijenga yeye, hazikutofautiana hata nukta.

"Bana," Kibe akasema, akajenga nyingine. Kiptanui naye akajenga yake. Mimi nikajenga ya Kachibora, nikaona raha ya ajabu, nikamwita soja wa geti naye ajenge. Tulikuwa tunapigania kiti. Jelimo alisimama ukutani akimpisha kila anayepita. Alikuwa amejiandaa wiki nzima kutubembeleza, na sasa hapakuwa na mtu wa kumbembeleza.

"Basi nenda, mama," Kibe alisema bila kugeuka. "Hata leo."

Nilimtazama nikidhani ataruka kwa furaha. Alikuwa na uso wa mtu aliyesahauliwa msibani, na nikaona haya.

Ndani ya faili palikuwa na jina la msimamizi. Kibe akafuta la Jelimo, akaandika lake. Alipotaka kuhifadhi, mashine ikamuuliza sababu ya badiliko, kama inavyomuuliza mtu yeyote. Mzee akafikiri kidogo, kisha akachapa kwa kidole kimoja: Jelimo ameenda.

Jelimo alikuwa bado amesimama nyuma yake, anasoma herufi kwa herufi.

"Sasa nafinya wapi?" Kibe akauliza.

Jelimo akainama juu ya bega lake, akamwonyesha.