Ng'ombe Nauza, Kamba Siuzi

Mwanangu, iko siku moja nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Mnada wa ng'ombe ulikuwa ndio kwanza umeanza huku kwetu Nachingwea. Sisi wa Naipingo tulijua korosho, ufuta, kuku na mbuzi. Ng'ombe walikuja na Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Nilikuwa binti, sijaolewa, na mama yangu alikuwa ameuza ufuta wote ili tupate mtamba mmoja wa kutuzalia.

Vumbi, kelele, nyama choma inanukia! Tukampata mtamba mwekundu, mpole, tukamlipa mzee mfugaji. Mzee akamfungua kamba shingoni, akaikunja, akaitia begani.

“Babu, mbona unaondoka na kamba?” nikauliza.

“Ng'ombe nauza, kamba siuzi. Kamba ikienda, baraka ya zizi langu nayo imekwenda. Nyie mlikuja kumchukua na nini?”

Mimi na mama tulishawaza maziwa, tulishawaza samadi, hata jina tulishampa. Kamba hakuna aliyeikumbuka! Mtamba naye akaanza kujisogeza kwenye kundi lake. Mchuuzi wa nyama mwenye lori akacheka, “Mama, niuzie mimi, kamba ninazo.” Roho ikanipaa. Angeishia buchani.

Nikavua kanga yangu ya kichwani, mama akavua ya mabegani, tukazisokota mbiombio. Mzee akatufungia fundo mwenyewe.

“Usimvute, tembea ubavuni mwake,” akaniambia. “Ila binti, siku nyingine ukikitamani kitu, kiandalie na mapokezi.”

Vigelegele! Tukatoka getini na ng'ombe wetu kavaa kanga kama bibi harusi.

Siku hizi mnadani kuna spika, kuna mizani, bwana mifugo anakagua afya na vibali, na nyie vijana mnampiga ng'ombe picha kabla hamjamshika. Wafugaji wengine bado wanarudi na kamba zao.

Kesho unakwenda kununua mtamba wako wa kwanza, na furaha yangu inaizidi yako. Nakuasa hivi: usiandae pesa tu. Andaa zizi, maji, malisho na moyo wa kuamka alfajiri, ndipo uende. Kazi na ndoa ni vivyo hivyo. Wengi wanaomba kitu kwa machozi, kikija hawana pa kukiweka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe unachokitamani, na siku atakayokupa akukute uko tayari.