Fundi Masikio na Pikapu ya Shemeji

Jina la Masikio watu hawakumpa bure. Gari likiwa bado linakata kona, yeye chini ya bati lake anafuta mikono, ameshajua kama linaumwa beringi au feni. Mwenye gari akitaka kueleza, anakatizwa: ingiza ndani, nimeshasikia. Alikuwa na maringo ya kazi yake, na kwa nini asiwe nayo?

Lakini ukigonga chuma kwa nyundo tangu ujana, sikio nalo linachoka. Sauti za ndege zilitangulia kuondoka, zikafuata za wajukuu, mwisho hata injini akawa anaijua kwa kuishika tu. Hakumwambia mtu. Wateja wakiongea, aliwatazama midomo. Mkewe, mshonaji ambaye cherehani yake ilikaa nyuma ya ukuta wa mbao wa gereji ileile, alijua zamani, akanyamaza akingoja aambiwe. Alingoja sana, maana alikuwa ameolewa na jiwe.

Ndipo ikaja pikapu ya shemeji. Shemeji mwenyewe ni seremala, mdogo wake mke, anayebebea vitanda na makabati kwenye pikapu kuukuu ambayo rangi yake ya mwanzo hakuna anayeikumbuka. Alisema mbele huku inagongagonga, ikipita kwenye mashimo utadhani umepakia debe la misumari. Alihisi ni upande wa breki, na njia yake ya mizigo ni mteremko mkali, basi hata usingizi hapati vizuri. Masikio akaitikia kwa kichwa kama aliyesikia. Akaiendesha mpaka mwisho wa barabara, akarudi, akakaza bomba la moshi. Seremala akaenda, akarudi na kelele zake. Masikio akabadilisha raba za shokapu. Seremala huyo tena mlangoni.

"Shemeji," alisema safari hii, ameegemea boneti, "kama umezeeka sema tu. Nitakuchongea kiti kizuri, ukae uwatazame mafundi wenzako wakifanya kazi."

Ulikuwa utani wa mashemeji, na mwenyewe alikuwa anacheka. Lakini Masikio aliusoma mdomo ule neno kwa neno, na moyo ukamshuka mpaka kwenye kandambili. Alikuwa ameshajiapia kimoyomoyo: pikapu hii ikimshinda, gereji anafunga na spana anagawa.

Mkewe alitokea na futikamba shingoni. Alimwambia mdogo wake apande nyuma kwenye bodi akae kama kabati, yeye akaingia mbele, akamwekea mumewe mkono begani.

"Ikigonga, nitagonga," alimwambia, uso kwa uso ili amsome. "Ikinyamaza, nanyamaza. Twende, baba."

Masikio aliushika usukani asiwashe gari. Uongo wake wa siku zote ulimfika mdomoni, akaumeza.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kulalamikia cherehani yangu."

Akawasha gari. Walipofika kwenye mashimo, vidole vikaanza begani mwake, ta-ta-ta, shimo kubwa kwa nguvu, shimo dogo kwa upole. Ni muda mrefu gari lilikuwa halijaongea naye hivyo. Kwenye mteremko mtu wa baiskeli akakatiza, Masikio akaigusa breki kidogo tu. Vidole vikatulia. Akaiachia, vikaanza. Akaigusa tena, kimya. Mke akamtazama akidhani mumewe amepatwa na kitu, maana alikuwa anacheka peke yake.

Kitu kinachopiga kelele ukikiacha na kutulia ukikibana, ni kitu kilicholegea. Waliporudi alipiga jeki, akavua tairi, akaisukuma pedi ya breki kwa kidole. Ikacheza kama jino la mtoto. Pedi zenyewe nzima, bado nene. Ila zile springi ndogo za kuzishikilia zisitikisike, hazikuwepo, kulia wala kushoto. Akauliza nani alibadilisha pedi hizi.

Seremala akawa anakagua mbao za bodi, ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Ikabidi aseme. Alibadilisha mwenyewe, akaona vichuma vimebaki, akasema hawa watengenezaji huweka na vya ziada, akavikunja vikamfaa kuzuia mlango wa karakana usipigwe na upepo. Dada yake hakumhurumia. Alimuuliza kama na vitanda vya watu huwa anabakiza miguu.

"Na hicho kiti," alisema Masikio, "kichonge, ukikalie wewe."

Vile vya mlangoni vilikuwa vimeshapindwa, havifai tena. Springi mpya zikatafutwa dukani, zikafungwa, pikapu ikapakiwa vitanda, wakateremka nayo wote watatu. Mkono ulitulia begani kuanzia juu mpaka chini, mashimo yote. Huko chini pia haukuondoka.

Asubuhi yake likaja gari la mtu mgeni kabisa, linalia sijui wapi. Masikio, badala ya kutazama midomo, aligeukia ukuta, akaita kwa sauti, mwenye gari akisikia:

"Mama, njoo unisikilizie. Mimi sisikii vizuri."

Mshonaji akaja. Ila kuzunguka ule ukuta kila mara kulimchosha, akasema, yeye si kijana. Jioni seremala akaitwa na msumeno wake, akakata mlango katikati ya zile mbao.