Niliificha Sailensa ya Mkwe Wangu

Vijana mtakaosoma haya, kosa ni langu. Msitafute wa kumsingizia. Mimi bibi mzima, mvi kichwa kizima, nimemharibia sikio mume wa binti yangu, tena nikijiona natenda haki. Siku hizi nikijitazama kwenye kioo naona kinyaa. Kinyaa kabisa!

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyosema.

Naishi Edmonton, hapa London, kwa binti yangu Rehema na mumewe, tunayemwita Baba Neema. Mkwe wangu ni mkalimani wa simu. Mgonjwa wa kwetu yuko hospitali, Kiingereza hana, daktari naye Kiswahili hana. Basi Baba Neema anakaa sebuleni, simu sikioni, anawaelewanisha. Masikio yake ndiyo mshahara wake.

Jumamosi huwa anakwenda kuwinda paa. Ndiyo, huku huku Uingereza! Kuna mkulima Mzungu huko Essex, paa wanamlia ngano, akampa ruhusa. Bunduki ina leseni ya polisi. Nyama analeta, tunakula. Bunduki yenyewe haikunisumbua. Baba yangu alilinda mahindi kwa gobole, na ukisikia mlio unajua mzee yuko kazini.

Kilichonikera ni ile sailensa. Bomba jeusi, urefu wa tochi, linafungwa mdomoni mwa bunduki kupunguza mlio. Mimi sailensa nilikuwa nimeiona kwenye filamu tu, na kila aliyeishika alikuwa muuaji! Nikaenda kuisema kwenye maombi ya akina mama. Mwenzetu mmoja, ulimi wake mrefu, akasema, "Mkweo anaua kimya kimya? Angalia, dada, kesho anayewindwa utakuwa wewe!"

Wakacheka wote. Nikarudi nyumbani nimevimba, nikamsimulia Rehema walivyonicheka.

Mezani nikamwambia, "Baba Neema, mwanaume hafichi mlio wa bunduki yake. Anayenyata ni mwizi."

Akaweka kijiko chini. Yule hajawahi kunipandishia sauti. "Mama, haifichi kitu. Mlio bado upo, mkulima anausikia akiwa jikoni kwake. Inapunguza ule mpasuko unaoumiza masikio. Halafu bunduki hairuki sana, risasi inakwenda ninapotaka. Mnyama anakufa mara moja."

"Si unavyo vile vya kuvaa masikioni?"

"Ninavyo. Ila nikivivaa muda wote simsikii paa akikanyaga majani."

Neema, mjukuu wangu wa miaka kumi na tano, akadakia kwa Kiingereza chake kwamba bibi anaangalia filamu nyingi mno. Nilimkazia macho mpaka akainamia sahani.

Lakini maneno ya baba yake niliyasikia, na niliyaelewa! Hilo ndilo linalonichefua. Nilielezwa vizuri, kwa adabu, nikaona nikikubali nimeshindwa na mkwe.

Jumamosi iliyofuata, alfajiri, alitoka na bunduki begani kwenda kuwasha gari. Begi akaliacha jikoni. Nikachomoa sailensa, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya unga wa ugali, nikafunika. Aliporudi kuchukua begi nikamtakia safari njema. Mtu wa maombi huyo!

Alirudi mchana, kiganja kimeziba sikio la kushoto.

"Kuna nini?" Rehema akauliza.

"Sema kwa nguvu, sikusikii."

Akatusimulia. Alifika shambani akakuta sailensa haimo. Kurudi nyumbani aliona aibu, mkulima alikuwa anamsubiri. Shabaha ya ile bunduki aliipanga sailensa ikiwa imefungwa, na ukiitoa risasi haiendi palepale. "Nilijua," akasema, "nikajipa moyo kwamba karibu hivi siwezi kukosa." Akampiga paa tumboni. Paa akakimbilia kichakani. Baba Neema akasukuma vile vya masikioni shingoni ili asikie mnyama anakogumia, akamkuta ghafla, akapiga ya pili masikio yakiwa wazi. Tangu hapo filimbi inalia ndani ya sikio.

Nikaenda kuifungua nyama uani. Ilinuka mavi. Utumbo ulipasuka, majani ya kijani yamesambaa kwenye mapaja, hakuna pa kukata. Mimi niliyesema anayenyata ni mwizi! Mnyama amekimbia na utumbo wake uliopasuka kwa ajili ya mdomo wangu. Nilitapika palepale.

Na bado sikusema!

Kwetu mkwe hawezi kumuuliza mama mkwe kama ameiba. Hata kuwaza hawezi. Alipekua gari, akapekua kabati, akawa anajilaumu mwenyewe: "Rehema, nimekuwa mzembe. Nimeiangusha wapi?" Mimi nipo, nachota unga pembeni ya ndoo ileile, nasonga ugali, namkaribisha mezani. Siku nne! Heshima aliyonipa niliigeuza shimo la kujifichia.

Daktari alisema mshipa wa sikio umeumia, na filimbi huenda isinyamaze tena.

Siku ya nne ikaja simu ya kazi. Akaiweka sikio la kushoto, akaihamishia kulia. Nikamsikia akisema, "Samahani, rudia." Mara ya pili. Mara ya tatu. Mwisho akawaambia watafute mkalimani mwingine.

"Umewaachia kazi?" Rehema akamwuliza.

"Daktari kataja vidonge viwili au kumi na viwili, sijui. Ni dawa ya mtu, Rehema. Sibahatishi."

Kisha akasema anawapigia polisi, maana sailensa imeandikwa kwenye leseni, lazima aseme imepotea. Hapo nikaenda jikoni. Nikaleta ndoo, nikazamisha mkono, nikaitoa imejaa unga.

"Ni mimi," nikasema.

Rehema alipiga kelele, "Mama! Vicheko vya akina mama wa maombi vilikuuma, mume wangu hakukuuma?"

Baba Neema aliifuta unga taratibu kwa shati lake. Akasema, "Mama, ungeniambia tu huitaki nyumbani kwako, ningeacha kuwinda."

Nyumbani kwako! Nyumba anayoilipia yeye! Afadhali angenitukana.

Kazi za simu amezikosa. Sasa anapanda treni mpaka Croydon, upande wa pili wa London, kwenda kukalimani uso kwa uso, na siku nyingine hakuna kazi.

Vijana, ukienda kuwinda funga sailensa, na vya masikioni uvae. Anayekucheka mwache acheke, sikio si lake. Na wewe mzee mwenzangu, kama kitu hukijui, uliza. Ukijibiwa, kubali! Usijifanye mlinzi wa uanaume wa mtu mwingine kama nilivyofanya mimi mjinga.

Humu ndani nimetoa amri, na mimi ndiye wa kwanza kuifuata: "Hakuna kumwita Baba Neema kutoka chumba kingine. Mfuate alipo, kaa kulia kwake, akuone mdomo, ndipo useme. Neema, umesikia? Basi zima hiyo televisheni, baba yako anaongea."